Nimekwama kwenye saa kubwa ya chumba 208, Silent Hill 2 ile ya zamani

Fundi Padi:
Wakuu habari za usiku, naombeni msaada kabla sijavunja padi ya watu. Nacheza gemu ya kutisha inaitwa Silent Hill 2, sio ile mpya ya 2024 ya kampuni ya Bloober Team maana kompyuta yangu hata menyu yake haiwezi kuifungua, hii ni ile yenyewe ya PS2 (PlayStation 2) ya 2001. Nipo kwenye yale maghorofa ya mwanzo, Wood Side, ufunguo wa saa nimeshaupata kule 202 kwenye tundu la ukutani (James, yule jamaa ninayemchezesha, ndo kaingiza mkono ila aliyetoa mkono kwenye padi ni mimi). Nikarudi 208, nikafungua mlango wa saa, mishale inazunguka freshi tu. Kuna majina matatu pale, Henry, Mildred na Scott, sijui ni kina nani hao. Nikampigia mshikaji wangu aliyemaliza akaniambia weka saa tisa na dakika kumi halafu isukume pembeni, imeisha hiyo. Nimeweka saa tisa na dakika kumi. Haisogei. Nimezima nimewasha nimeweka tena, haisogei. Diski imechubuka au?

Na swali la pili, hivi kwa nini hii gemu inanitisha hivi? Nimemaliza gemu za mazombi kibao usingizi napata, huku usiku mzima nimepiga madude labda manne tu ila nikienda chooni nawasha taa zote.

Mzee wa PS2:
Mshale mfupi umeuweka wapi?

Fundi Padi:
Kwenye 3 mkuu, mrefu kwenye 2. Saa tisa na dakika kumi si ndo hiyo?

Mzee wa PS2:
Hahahaha nimecheka mpaka wife kaamka. Mdogo wangu diski yako nzima kabisa. Huyo mshikaji wako kasoma 9:10 kwenye simu akakutajia tarakimu kama zilivyo, na wewe mtoto wa Kiswahili ukasikia saa tisa ukaenda kwenye 3 kama vile unasubiri kengele ya kutoka shule. Mfupi weka kwenye 9, mrefu kwenye 2. Kwetu hiyo ni saa tatu na dakika kumi. Ukishaweka hivyo ndo uisukume.

Dada Tochi:
😂😂 usimcheke bwana, hilo fumbo lenyewe limetuonea. Hao kina Henry sio watu, chukua herufi za kwanza tu, H, M, S, kwa Kiingereza ndo saa, dakika na sekunde. Sasa wewe unayewaza kwa Kiswahili ungelijuaje, kwetu ingebidi waitwe Salum, Daudi na Sefu na hapo Salum na Sefu wangegombania mshale mmoja.

Kwenye swali lako la pili, mi naona ni ule ukungu na ile redio. Kile kiredio cha James kinaanza kukoroma dude likiwa karibu, ila dude lenyewe hulioni, kwa hiyo unakaa unasikia tu krrrrr huku hujui lipo mbele au nyuma, na kamera ya ile ya zamani inakaa inapotaka yenyewe, unageuka kona unaona uso wa James badala ya kuona anachokiona James. Ukungu wenyewe ulianza kwenye gemu ya kwanza ya 1999 kwa sababu PlayStation ya kwanza ilikuwa haina nguvu ya kuchora mtaa mzima, wakaufunika, umaskini ukageuka urembo. Halafu stori yenyewe jamani, James kapokea barua ya mke wake Mary aliyefariki miaka mitatu iliyopita, anamwambia njoo nakusubiri, na jamaa kapanda gari kaenda. Hajauliza mtu. Mi pale pale nilijua huyu baba hayuko sawa, na ndo nipo ndani ya kichwa chake sasa, nikimbilie wapi?

Kamanda Konzo:
Mbona simple tu, Mary alikuwa
*[Ujumbe huu umefutwa na msimamizi]*

Dada Tochi:
Asante msimamizi. Kuna watu wakiona kuku wengi tu lazima wamwage mchele.

Mzee wa PS2:
Fundi, achana na huyo. Mwanzoni ulipoulizwa leveli ya mafumbo uliweka ipi? Hii gemu inauliza mara mbili, leveli ya mapigano na leveli ya mafumbo, kila moja kivyake. Nauliza kwa sababu mbele kuna kabati la sarafu, sarafu tatu matundu matano, na shairi la pale linabadilika kulingana na leveli, kwa hiyo ukikopi jibu la mtu YouTube unaweza kukesha. Sarafu moja wapo ipo kwenye bomba la takataka, limeziba, tafuta boksi la makopo ya juisi ulidondoshe humo lisukume uchafu ushuke. Na usisahau ramani, James ana kalamu nyekundu, kila mlango uliojaribu ukagoma anauchora mwenyewe, ukipotea angalia ambao hajauchora.

La mwisho na hili sio kumwaga mchele. Gemu inakuchunguza bila kukuambia. Mbele kidogo utakutana tena na Angela, yule dada wa makaburini, utaondoka na kisu chake. Hakipigi mtu, kipo tu kwenye begi. Usiwe unakitoa toa kukiangalia, na ukiumia kunywa dawa, usitembee nusu mfu ili kubania vichupa. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa bahili wa dawa balaa, na kile kisu nilikiangalia kila saa nikidhani kina fumbo, mwisho niliopata siutaji hapa ila nilikaa kimya kwenye kochi mpaka adhuhuri. Mara ya kwanza kuna miisho mitatu, ukirudia inaongezeka, na kuna mmoja una mbwa. Basi.

Fundi Padi:
Imesogeaaaa! Kumbe ilikuwa na tundu nyuma muda wote. Mshikaji nimemtumia uzi huu asome aone alichonifanyia. Mafumbo niliweka ya kati, nikajiona msomi.

Dada Tochi:
Hongera. Kabla hujapita kwenye tundu, umemuangalia yule marehemu kwenye kiti hapo hapo 208, aliyekaa mbele ya tivii?

Fundi Padi:
Nimempita kama mara sita, nilijua ni pambo tu. Ana nini?

Dada Tochi:
Msogelee. Angalia nguo, angalia nywele.

Fundi Padi:
Dada

Fundi Padi:
Dada huyo si ni James mwenyewe?? Mbona mimi ndo nimemsimamia hapa

Mzee wa PS2:
Watu wanabishana hiyo tangu 2001. Wengine wanasema watengenezaji walirudia mwili wa James ili kuokoa kazi. Mimi siamini.

Fundi Padi:
Nimesevu. Nitaendelea kesho mchana mama akiwepo sebuleni.