MREJESHO: Maiki ya bei nafuu kwa kamera za duka la dawa

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa nichukue kifaa gani cha kurekodi sauti kaunta, maana kamera zangu zilikuwa zinatoa picha tu na ubishi wa chenji hauishi. Asanteni sana kwa ushauri.

Sikununua kamera mpya. Nilifuata ushauri wa maiki ndogo ya volti 12 yenye nyaya tatu, nikaipata Kariakoo kwa shilingi 18,000, nikachomeka kwenye tundu la sauti nyuma ya DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera. Siku mbili sikusikia kitu, kumbe sauti inabidi iwashwe pia kwenye mipangilio ya kila kamera! Kisha ukaja muungurumo mbaya. Aliyesema nisichangie umeme na kamera alikuwa sahihi kabisa: nimeipa adapta yake peke yake, muungurumo umekwisha. Nimeihamisha pia mbali na feni.

Sasa maneno ya kaunta yanasikika vizuri. Stoo bado imenishinda, na mvua ikipiga bati hakuna kinachosikika hata kaunta.

Mdada aliyenikumbusha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ubarikiwe. Nilitaka kuificha maiki, lakini wateja wangu wanataja magonjwa yao pale. Nimewaambia wafanyakazi, nimebandika tangazo mlangoni, na kona ya ushauri nimeiacha nje ya maiki. Mfanyakazi mmoja alinuna, tukaongea, yakaisha.