Tupeane uzoefu: miwani ya uhalisia pepe ya bei nafuu, kwa gemu na kwa kazi za michoro

Ndugu wanachama, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kuhusu miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho ukajiona uko ndani ya picha, ya bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, hasa sisi tunaoitafutia kazi na si gemu peke yake. Naanza na yangu.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Dodoma. Mwaka jana nilinunua Meta Quest 2 iliyokwisha kutumika, toleo lililoingia sokoni Oktoba 2020, nikiwa na shabaha moja: mteja aingie ndani ya nyumba yake kabla msingi haujachimbwa. Wa kwanza kuivaa alikuwa mzee mmoja anayejenga Iyumbu, ambaye kwenye karatasi alikuwa ameikubali ramani yote bila swali. Nilimfunga mkanda kichwani, akawa anatembea taratibu huku nimemshika mkono wa kushoto, na alipofika kwenye korido akasimama, akanyoosha mkono wa kulia kama anayepapasa ukuta, kisha akaniambia, "Mwanangu, jeneza halipiti hapa." Jioni ileile tuliitoa korido kwenye sentimita 90 tukaifikisha 120.

Kwa kazi hiyo natumia Blender, programu ya kuchora kwa pande tatu, ambayo ni ya bure, na ambayo tangu toleo la 2.83 la mwaka 2020 ina nyongeza ya kuukagua mchoro ukiwa umevaa miwani. Ugumu uko kwenye kompyuta, kwa kuwa ndiyo inayochora kila kitu na miwani inapokea tu picha. Kadi ya grafiki ikiwa dhaifu, picha inakwama kila mteja anapogeuza shingo, naye anashikwa na kichefuchefu. Kwa hiyo kabla ya kumvalisha mtu huwa naondoa mapazia, majani ya bustani na fanicha zenye nakshi nyingi, nabakiza kuta, milango na mwanga.

Mchangiaji, Nkuhungu: Hongera kwa kazi, kaka. Langu ni onyo. Niliiacha yangu mezani karibu na dirisha linalotazama magharibi, lenzi zikiwa juu, nikaenda kuswali Alasiri. Lenzi zile hukusanya miale kama kioo cha kukuzia, na kwa jua letu la Oktoba, niliporudi nilikuta kwenye skrini ya jicho la kulia doa la njano lenye ukubwa wa punje ya uwele. Halifutiki, na hadi leo nikicheza gemu yenye anga jeupe naliona pale pale. Ukiivua, ifunike kwa kitambaa hata kama ni kwa dakika moja.

Mchangiaji, Singida mjini: Kwa anayetaka mpya, Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 bei yake Marekani ilianzia dola 299.99. Mimi ninayo, na kwa gemu zinazoendeshwa na miwani yenyewe tofauti ni kubwa, maana chipu yake ni ya kizazi kipya. Lakini skrini yake ina pikseli zilezile za Quest 2, yaani 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, hivyo kwa kutazama michoro inayotoka kwenye kompyuta sioni haja ya mwenye Quest 2 kuiuza. Ukiunganisha bila waya, tumia ruta ya gigahezi 5, na usiogope bando, kwa sababu picha inasafiri humo humo ndani ya nyumba.

Halafu, mleta mada, lenzi za Quest 2 zinasogezwa kwenye nafasi tatu, kulingana na umbali kati ya macho: milimita 58, 63 na 68. Je, umewahi kupima umbali kati ya mboni zako, na za wateja wako?

Mleta mada: Nimepima sasa hivi kwa rula mbele ya kioo, nikapata 67. Lenzi ziko kwenye 58, kama nilivyozikuta siku ninainunua, na miezi yote hii maumivu ya kichwa nilikuwa nayasingizia kompyuta. Nimezisogeza, na maandishi madogo ya vipimo yaliyokuwa na ukungu sasa yanasomeka. Jumamosi nina mteja kutoka Kisasa. Rula nimeshaiweka ndani ya boksi la miwani.