Uvuvi wa nzi bandia ni mchezo au hobi? Binti yangu amekataliwa shuleni, naomba ushauri

MamaWaMtoni:
Wakuu, habari zenu. Binti yangu ana miaka 15 na huu ni mwaka wa tatu anavua kwa nzi bandia. Babu yake ndiye aliyemfundisha. Kwa wasioujua uvuvi huu, hatumii nyungunyungu wala chambo chochote cha kuliwa. Anafunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, kisha anairusha juu ya maji ili samaki adhani ni mdudu wa kweli.

Shuleni kwao kila mwanafunzi anaandikisha mchezo mmoja anaoufanyia mazoezi nje ya vipindi. Akaandika huo. Mwalimu wa michezo akaufuta, akauhamishia upande wa hobi pamoja na ushonaji na kukusanya stempu, akisema mchezo ni ule unaomtoa mtu jasho. Mtoto alirudi nyumbani kimya, na kukaa kimya si tabia yake. Je, niende nikamtetee, au mwalimu ana hoja? Mimi sijawahi kushika mshipi, nisije nikaenda kubishania nisichokijua.

Maji_Baridi:
Pole dada. Hoja ya jasho haisimami. Kulenga shabaha kwa bunduki kumekuwepo kwenye Olimpiki tangu ile ya kwanza ya mwaka 1896, na mlengaji anasimama palepale akijitahidi hata pumzi isimtikise. Halafu huyo mwalimu ajaribu kusimama saa tatu kwenye mto unaokwenda kasi, maji yakiwa mapajani na mawe yanateleza chini ya miguu, mkono haupumziki. Jasho atalipata.

Kamusi_Mkononi:
Na sisi neno letu linatuchanganya. Mtoto anayejenga nyumba ya mchanga yuko mchezoni, na mwanariadha wa mbio ndefu naye yuko mchezoni. Mwalimu anakusudia spoti, yaani kitu chenye kanuni, mwamuzi na mshindi. Mjibu kwa kipimo hicho.

Mshipi Mrefu:
Kwa kipimo hicho jibu lipo wazi. Nimeshindana kwa miaka kadhaa, ngoja nieleze.

Mashindano ya dunia ya uvuvi huu yalianza mwaka 1981 huko Luxembourg, chini ya shirikisho linaloitwa FIPS-Mouche. Timu ina wavuvi watano na kila mmoja anawekwa kwenye eneo tofauti. Kipande chako cha mto hukichagui, unakipata kwa kura, kwa hiyo unaweza kuangukia maji ambayo usingeyakaribia kwa hiari yako. Kila kipindi cha kuvua kinachukua saa tatu. Ndoana haitakiwi kuwa na kile kijino kinachozuia isichomoke. Samaki anapimwa urefu mbele ya msimamizi, anarudishwa majini akiwa hai. Mwisho wa kipindi nafasi yako katika eneo lile ndiyo alama yako, wa kwanza 1, wa kumi 10, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inashinda. Siku moja mbaya ya mtu mmoja inaiangusha timu nzima. Wanaovuka kipindi bila samaki hata mmoja wanajua uchungu wake.

Vijana nao wana mashindano yao ya dunia. Mpelekee mwalimu kanuni hizo.

Kivuli cha Mti:
Nitasema tofauti, na sisemi kwa ubaya. Niliwahi kushindana nikaacha. Zamani ningekaa ukingoni nusu saa nikitazama wadudu gani wanatoka majini, samaki gani anainuka na wapi, ndipo nichague nzi. Nilipoanza kuhesabu alama nilikuwa navua kwa saa ya mkononi. Samaki mdogo niliyemfurahia jana, leo namwona hafikii kipimo. Kuitwa hobi si kushushwa hadhi. Mwache mtoto abaki na furaha yake.

Mshipi Mrefu:
Nakuelewa mkuu, ila uamuzi huo ni wako uliyeshindana. Huyu hajapewa hata nafasi ya kuchagua.

Mlinzi wa Kijito:
Na samaki je? Mpira haudhuriki ukipigwa teke. Mimi navua, sitaki watu waache, ila tukiita mchezo tukubali kwamba ndani yake kuna kiumbe ambaye hakukubali kucheza. Mfundisheni binti alowanishe mikono kabla ya kumshika, amtoe ndoana samaki akiwa bado majini, na joto la maji likikaribia digrii 20 awaache trauti, samaki wa maji baridi, kabisa. Maji ya moto yana oksijeni kidogo, trauti aliyepigana na mshipi anaweza kuondoka akiogelea na akafa baadaye.

MamaWaMtoni:
Hayo ya kulowanisha mikono babu yake alimwambia siku ya kwanza. La joto nitamfikishia.

Bibi Ufito:
Mwanangu, nimesoma wote hapa na hakuna aliyeuliza: binti mwenyewe anasemaje? Huenda hataki mashindano wala hataki mama aende shuleni.

Jambo la pili, ufundi mkubwa uko kwenye urushaji, na huo hauhitaji samaki. Kwenye uvuvi mwingine uzito wa chambo au wa kipande cha risasi kilichofungwa ndio unaovuta mshipi. Hapa nzi hana uzito, mshipi wenyewe ndio unaobeba. Unaupeleka nyuma, unasubiri ujinyooshe wote hewani, ndipo unaurudisha mbele. Ukiharakisha, mshipi unalia kama mjeledi na nzi anakatika. Kuna watu wanashindana kurusha tu, kwa umbali na kwa shabaha, na wana shirikisho lao la kimataifa. Aweke pete kwenye nyasi za uwanja, afunge kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana, mwalimu ajionee. Kisha ampe naye fimbo ya kuvulia ajaribu.

MamaWaMtoni:
Bibi, shikamoo. Nilimuuliza jana usiku. Kumbe kuhesabu samaki hakumvutii hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba kila jioni anafanya mazoezi ya kurusha nyuma ya nyumba, na mwalimu akayaita kupitisha muda. Ameniomba nisiende, ataongea naye mwenyewe Jumatano. Tumeshakata pete tatu kutoka kwenye mpira wa zamani wa kumwagilia maji. Ya mbali ameiweka hatua kumi na tano, na leo ameipata mara nne katika kumi.

Bibi Ufito:
Marahaba. Mwambie Jumatano aanze na ya karibu, na asimame upepo ukimjia begani upande usioshika fimbo.