Rojo ya karatasi kwa ardhi ya diorama: inapasuka, inaota ukungu, ubao unapinda. Msaada wadau

Reli Nyembamba (Mbeya)
Wakuu salaam. Natengeneza diorama (mandhari ndogo ya mfano) ya kipande cha reli ya TAZARA, skeli 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, ubao wa sm 60 kwa 40. Reli inapita kwenye mkato wa kilima, juu kuna miti ya paina. Ardhi ni rojo ya magazeti na uji wa ngano, unene kama sm 2, juu ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 6. Wiki ya pili sasa: juu imekauka na kupasuka, chini mbichi, pembeni kuna madoa meusi, na ubao umepinda. Niiokoe au nibomoe? Na vipimo sahihi ni vipi?

Mzee wa Skeli (Iringa)
Bomoa, mkuu. Ukungu ukishaingia ndani ya rojo yenye unga wa ngano, kupaka rangi juu ni kuuficha tu, utatokea tena masika.

Matatizo yako yote matatu yana chanzo kimoja: maji mengi kwenye tabaka nene. Karatasi ikikauka husinyaa. Juu inakauka kwanza na kusinyaa wakati chini bado imevimba, ndipo inapopasuka. MDF nayo inanyonya maji upande mmoja tu, hivyo inapinda.

Kilima kisijengwe kwa rojo. Umbo lijenge kwa povu jeupe linalofungashiwa TV, au vipande vya maboksi vilivyosukwa, halafu rojo iwe ngozi ya mm 3 hadi 5. Povu libandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya viatu na rangi ya kupuliza vinaliyeyusha.

Ubao tumia plaiwudi ya mm 12, ipigie fremu ya mbao chini, kisha paka vanishi mara mbili pande zote na kwenye kingo. Watu wengi husahau kingo, na huko ndiko maji yanakoingilia.

Dada Plasta (Makambako)
Vipimo hivi hapa, kwa gramu 100 za karatasi kavu. Trei ya mayai ndiyo bora kuliko gazeti: nyuzi zake ni fupi na inalowa haraka. Karatasi za majarida yanayong'aa achana nazo.

Chana vipande vidogo, mwagia maji ya moto, acha hadi kesho yake. Saga konzi moja moja, blenda ikiwa na maji robo tatu, sekunde 30. Chuja kwa kitambaa, kamua mpaka ibaki gramu 300 hadi 350. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukiikamua kidogo itapasuka, ukiikamua kupita kiasi inakuwa madonge ambayo gundi haiingii.

Ichambue kwa vidole, kisha weka gundi nyeupe ml 150, unga wa skimu ya ukutani kikombe kimoja, vumbi la mbao nusu kikombe lililopitishwa kwenye kichujio cha chai, na matone 5 ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Malizia na rangi ya unga ya sakafu, ile nyekundu, kijiko kimoja. Hiyo rangi usiiruke: diorama ikigongwa na kumeguka, ndani itaonekana rangi ya udongo badala ya weupe.

Kwa eneo lako, 60 × 40 × 0.4 ni sm za ujazo 960, yaani karibu lita moja. Fanya mara mbili ya vipimo hivi, trei tatu hivi zitatosha, na itabaki ya kuziba nyufa.

Kinyago (Mafinga)
Gundi nyeupe ni hela. Uji wa ngano unafanya kazi vizuri tu ukitia chumvi isiote ukungu. Na badala ya skimu weka jipsamu, inakuwa ngumu zaidi.

Mzee wa Skeli
Chumvi hapana, ndugu yangu. Inavuta unyevu wa hewa, na baada ya miezi inatoka juu kama unga mweupe na kuharibu rangi. Unga wa ngano pia ni chakula cha mende. Kama hela ni kikwazo, uji utumike kubandikia tabaka la magazeti chini ya rojo, si kwenye rojo yenyewe. Jipsamu sawa, lakini inaganda ndani ya nusu saa au pungufu, kwa hiyo ichanganye kiasi cha kiganja tu. Skimu inakupa muda wa kuchonga. Vumbi la mbao hapo Mafinga mnalo bure, hapo mnatushinda.

Boraksi, ile chumvi ya madini ambayo wengine hutumia kuzuia ukungu, nayo usiichanganye na gundi nyeupe. Inageuka kuwa makamasi.

Reli Nyembamba
Ahsanteni. Sina blenda ya kuharibu, na ya nyumbani ni ya juisi. Nifanyeje?

Dada Plasta
Chemsha karatasi iliyolowa nusu saa, kisha twanga kwenye kinu cha zamani. Nyuzi zitabaki nene kidogo, kwa hiyo tabaka la juu la mm 1 tumia tishu za chooni, zenyewe zinasambaratika kwa mkono. Maji ya kuchujia usiyamwage kwenye sinki, nyuzi huziba bomba. Mwaga shambani.

Kukausha: kivulini penye upepo, siku tatu au nne. Mbeya ya Juni na Julai ina baridi lakini hewa ni kavu, inakubali. Jua kali linapasua. Masika weka feni. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari kwa mtu kabla hata ya diorama.

Kitonga Juu (Iringa)
Kumbukeni skeli. Kwenye 1:87, mm 1 ni sm 8.7 halisi. Donge la mm 3 ni jiwe la sm 26, na mtu mzima ana mm 20 tu. Kwa hiyo rojo ikianza kushika, igongegonge kwa brashi ngumu yenye maji kidogo, nyuzi zilale. Mwamba wa mkato tumia vipande vya jiwe jepesi la volkano, lile la kusugulia miguu. Barabara ya Tukuyu linaonekana kwenye kingo zilizochongwa. Livunje, lipachike rojo ikiwa mbichi. Kokoto za reli zisiwe rojo: ponda mawe, chekecha, mwagia gundi moja kwa maji matatu, tone la sabuni ya maji lisaidie kupenya.

Na swali, mkuu: reli yako ya mfano ina upana wa mm 16.5 kati ya vyuma viwili? TAZARA ina upana wa mm 1,067, kwa 1:87 inatoka mm 12. Ukibaki na 16.5, skeli inayokaribia ni 1:64, na hapo hata miti na watu wabadilike.

Reli Nyembamba
Ni 16.5. Basi nabomoa na kuhamia 1:64, kwani mabehewa sijaanza kuyajenga.

Kitonga Juu
Vizuri. Kwa hiyo punguza kugongagonga: mm 1 sasa ni sm 6.4, kwa hiyo mabonde madogo yataonekana ya kawaida. Paina ya mita 20 itakuwa sm 31, pima urefu wa kabati kwanza.