MREJESHO: Skiti, bega lililovimba na sahani ninazozikosa

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini kwenye skiti, ule mchezo wa kupiga kwa bunduki sahani ndogo zinazorushwa hewani, pale klabuni kwetu nje kidogo ya Mafinga, napata sahani 6 tu kati ya 25 halafu narudi nyumbani bega limevimba.

Asanteni sana. Bega limepona. Aliyesema kitako cha bunduki kiguse shavu kwanza ndipo kikae begani, Mungu ambariki. Kumbe nilikuwa nakiegemeza huku nje, juu ya msuli wa mkono, kila nikifyatua kinanipiga palepale.

Ushauri wa kutosimamisha mtutu ukishafyatua nao umelipa. Kituo cha 4 (kituo ni pale unaposimama kupiga) sahani inakatiza mbele yako kabisa, basi natanguliza mtutu kama mita moja mbele yake na mikono inaendelea kufuata. Ya kwanza kuipata ilipasuka ikawa vumbi jeusi. Nilipiga kelele kama mtoto, wazee wakacheka.

Kufumbua macho yote mawili ndiko kulikonishinda. Jicho langu linaloongoza ni la kushoto, na bunduki naishika kulia, kwa hiyo marisau, zile chembe ndogo za risasi, yalikuwa yanapita pembeni. Mwalimu kanibandikia kipande kidogo cha selotepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, mambo yakanyooka.

Jumamosi, na baridi ile vidole havikunjiki, nimepata 15. Kituo cha 8 bado sifuri. Sahani inakuja juu ya kichwa, nikistuka imeshapita. Mwenye dawa yake aseme.