Poirot, yule mpelelezi Mbelgiji wa riwayani, alishazikwa na mwandishi wake mwenyewe, Agatha Christie. Ni halali kumrudisha?

Mleta mada: Wakuu, nimemaliza The Monogram Murders ya Sophie Hannah (2014), riwaya ya kwanza yenye kisa kipya cha Poirot kuandikwa na mtu mwingine kwa ridhaa ya familia ya Christie. Nimeifurahia, na shemeji yangu, mwenye zile za zamani karibu zote, ameninunia.

Maiti tatu katika hoteli moja ya London, kila moja ina kifungo cha mkono wa shati mdomoni. Hapo nani ataweka kitabu chini? Lakini kilichonishika hasa ni msimulizi. Hastings, rafiki wa Poirot anayesimulia visa vingi vya zamani, hayupo. Yupo Catchpool, mpelelezi kijana wa Scotland Yard anayeogopa maiti iliyolazwa (kazi gani hiyo kwake!). Hannah hakujidai kuwa Christie. Katafuta sauti yake. Mwishoni maelezo yanarefuka mpaka nikarudi nyuma mara mbili, hilo sibishi.

Mtoro wa Maktaba: Mkuu, Christie alimwua Poirot makusudi. Aliandika kisa cha kifo chake wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakifungia, kikatoka 1975. Hata New York Times ikamwandikia tanzia ukurasa wa mbele, mtu wa kubuni! Mwenye mali akishafunga mlango, wewe wa dirishani unatafuta nini?

Mleta mada: Mbona hakufufuliwa? Kisa kipya kinatokea mwaka 1929, Poirot akiwa hai. Christie mwenyewe aliacha nafasi: riwaya moja ya Poirot 1928, inayofuata 1932. Hannah kaingia humo, na kifo kiko palepale.

Chai ya Rangi: Tuseme wazi, ni biashara. Hakimiliki Uingereza hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, na Christie alifariki 1976, kwa hiyo familia ina rungu mpaka mwisho wa 2046. Baada ya hapo kila mtu atajichotea. Mimi naona bora sasa, kuna mtu wa kusema "hapana, Poirot hawezi kufanya hivi". Hannah ameshafikisha vitabu sita vya Poirot, na kelele zetu hazijamzuia.

Mtoro wa Maktaba: Rungu la kulinda mhusika au la kulinda mauzo?

Mjukuu wa Najum: Mnagombania Mbelgiji, na Bwana Msa, mpelelezi wetu wa riwaya za Kiswahili, je? Muhammed Said Abdulla alituachia kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale hadi Kosa la Bwana Msa (1984), Msa na kiko chake cha tumbaku mdomoni, rafiki yake Najum pembeni. Leo akitokea wa kumwendeleza, mtakubali?

Mtoro wa Maktaba: Umenishika pabaya. Huyo ningemsoma usiku huohuo. Ila mwandishi awe na Kiunguja cha kweli, na Msa asipewe simu.

Mleta mada: Kumbe! Basi shemeji naye nitamuuliza hilo hilo.