Wavuvi wa kwenye barafu: betri ya drili inawatobolea mashimo mangapi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Ukerewe: Wakuu, jana nimeaibika ziwa Mille Lacs, huku Minnesota, Marekani. Drili yangu ya umeme ni 40V, Ah 4 (saa-ampia, ujazo wa betri), kisu cha kutoboa shimo la upana wa inchi 8, msimu wa tatu sasa. Zamani ilinipeleka siku nzima. Jana shimo la saba taa zikaanza kupepesa, la tisa ikazima. Barafu unene inchi 22, baridi nyuzi -24. Ndiyo imekufa, au ni baridi tu? Zenu vipi?

Kamba Mbili: Karibu chamani.

Fundi Redio: Ukitaja mashimo hujasema kitu, hesabu inchi za barafu ulizotoboa. Mashimo 9 kwa 22 ni karibu inchi 200. Desemba barafu ikiwa inchi 8, hizohizo 200 ni mashimo 25. Halafu hiyo 40 ni namba ya sokoni: ndani kuna seli 10 za volti 3.6, yaani 36. Zidisha kwa 4 unapata Wh 144 (saa-wati, umeme wote uliomo), tena ukiwa sebuleni. Kwenye -24 hupati zote. Visu ulibadilisha lini?

Mtoto wa Ukerewe: Ni vilevile nilivyonunulia.

Fundi Redio: Unaionea betri.

Msee wa Homa Bay: Nunueni ya petroli muache kulia.

Kamba Mbili: Uvute kamba mpaka bega litoke, halafu moshi ujae hemani?

Msee wa Homa Bay: Yangu inawaka mvuto wa pili.

Kamba Mbili: Ya dukani au ya mdomoni?

Mama wa Duluth: Shimo la inchi 8 linakula barafu karibu mara mbili ya la 6. Mimi natoboa la 6, na samaki wangu wanapita bila kuinama.

Baba Neema: Mmenikumbusha ziwa Red Lake, Januari ya mwaka juzi. Nilikuwa na shemeji, wiki ya tatu tangu atoke Makete. Kila nikimwambia vaa, anajibu baridi anaijua. Betri mbili nilizilaza nje nyuma ya gari usiku kucha, kosa langu hilo. Jioni tunatoboa shimo la mwisho, drili imegusa maji tu, betri ya pili ikakata. Kuvuta haitoki. Barafu iliyosagika imejaa shimoni, maji yamepanda na yanaganda tukiyaangalia. Upepo nao ukaamka. Gari tuliliacha kama hatua 300, ghafla silioni! Nyeupe mbele, nyeupe nyuma. Nikasema tuiache, tufuate alama za sleji kabla hazijafutika. Shemeji akagoma: "Kwani hii si betri? Bibi za redio zikiisha si anaanika juani?" Nikamjibu jua liko wapi, mpumbavu wewe (radhi niliomba baadaye). Akaichomoa, akafungua koti, akaipachika tumboni kwenye ngozi kabisa, akaanza kurukaruka anaimba kwaya. Ilipita kama nusu saa. Akairudisha, taa mbili zikawaka. Mmoja anabonyeza, mmoja anavuta juu, ikatoka. Gari nililipata kwa kuligonga na goti.

Msee wa Homa Bay: Huyo shemeji ana dada?

Kamba Mbili: Alikuwa anaimba wimbo gani?

Baba Neema: Alikuwa anaimba sauti ya tatu peke yake, huwezi kujua ni wimbo gani.

Fundi Redio: Tumbo halikuchaji kitu, msidanganyane. Baridi inaongeza ukinzani ndani ya seli. Ukibonyeza, volti inaporomoka, kidhibiti kinadhani chaji imeisha, kinakata. Umeme ulikuwemo muda wote.

Mama wa Duluth: Kwa hiyo bibi yuko sahihi.

Fundi Redio: Za redio ni kemia nyingine.

Mama wa Duluth: Nimeuliza bibi yuko sahihi au hayuko.

Mwana Bukavu wa Fargo: Miye yangu niliichaji garajini ikiwa bado baridi kama jiwe, kama mara tatu ine hivi. Sasa chaja inasema imejaa, kumbe mashimo ine kwisha.

Fundi Redio: Hiyo umeiua. Chini ya nyuzi sifuri usichaji, lithiamu inajipaka ndani kama metali na hairudi tena. Iache sebuleni saa kadhaa kwanza. Na kiangazi usiihifadhi imejaa, nusu inatosha.

Kamba Mbili: Yangu inalala imejaa chini ya kitanda mwaka wa tano, inadunda. Mke ndiye amelalamika.

Mzee wa Feri: Niko Dar nasoma huku natetemeka. Huyo samaki anauzwa bei gani mpaka mtu apachike betri tumboni?

Mama wa Duluth: Hauzwi, mzee. Ukimuuza ni kosa.

Mzee wa Feri: Sasa huko mnafanya nini?

Mtoto wa Ukerewe: Mrejesho wakuu. Visu vipya, betri ndani ya koti, baridi ileile. Leo mashimo 16 kwenye barafu ya inchi 23, na taa moja imebaki. Samaki sijapata hata mmoja.

Fundi Redio: Inchi 368.